Shanga za kuziba mshipa, kisha zikayeyuka

Punda akisimama na shehena ya mchanga kwenye kichochoro cha Mkomani, hapa Lamu, walio nyuma yake hawapiti mpaka asogee. Ndivyo nilivyomweleza shangazi, aliyesikia kuwa uvimbe wa kizazi hutibika kwa kuziba mishipa inayoulisha. Akanikatiza: "Na huyo punda ataondoka lini, mwanangu?"

Mwenyewe hakujua, lakini aligusa penyewe. Chembe nyingi zinazotumika kwa tiba hii, iliyotangazwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1995, zikiingia haziondoki. Uvimbe unanywea, shanga zinabaki. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza maikrosfia za polima, yaani kemikali ya minyororo mirefu kama plastiki, zinazoyeyuka mwilini.

Maikrosfia ni chembe ya mviringo, ndogo kuliko punje ya sagu. Kwa uvimbe wa kizazi hutumika zenye upana wa kama nusu milimita hadi karibu milimita moja. Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kinena au kifundo cha mkono, akiufuatilia kwa eksirei, kisha huziachia. Damu yenyewe huzibeba mpaka mshipa unapokuwa mwembamba, zikakwama. Kizazi kina njia nyingine za damu, kwa hiyo husalimika. Maumivu baada ya hapo yapo, tusidanganyane.

Polima inayotumika sana hutokana na asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, jamii moja na nyuzi za kushonea zisizohitaji kutolewa. Maji ya mwilini huikatakata taratibu, na mwisho wake huwa maji na hewa ya kaboni tunayoitoa kwa pumzi.

Aliyewahi kutazama tui ataelewa zinavyoundwa: ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini. Polima huyeyushwa katika kimiminika kisichochangamana na maji, ikamiminwa majini huku ikikorogwa. Kimiminika hicho kikivukiza, kila tone hubaki kijishanga kigumu. Ukikoroga kwa kasi, yanatoka madogo. Kisha huchekechwa, na hapa hakuna mzaha: kubwa mno huziba mrija, na ndogo mno zinaweza kuponyoka hadi mapafuni.

"Basi si punda," shangazi alisema. "Ni gunia la chumvi kwenye mvua."

Ni kweli, ila chumvi haipangiwi saa. Shanga za wanga huyeyuka ndani ya saa moja hivi, muda mfupi mno kwa uvimbe wa kizazi. Za laktiki na glikoliki huchukua wiki hadi miezi, na kadiri laktiki inavyozidi ndivyo zinavyokawia. Zikiwahi kuyeyuka, uvimbe hupata damu tena. Na hata zikiyeyuka kwa wakati, zinamong'onyoka kabla hazijaisha, na kipande kilichomeguka huweza kusukumwa mbele, kikaziba mshipa mdogo zaidi ambao daktari hakuukusudia.