Je, wajua kwa nini kitako cha kikombe hunoa kisu, na ukuta wa matumbawe haunoi?

Nilikuwa na miaka tisa hivi bibi aliponipa kisu cha jikoni, butu kama kijiko, akaniambia nikakinoe. Nguru yuko kwenye sinia, anangoja. Kwetu Lamu mawe si kitu cha kutafutwa: kuta mawe, baraza mawe. Nikakaa barazani, nikakisugua kisu ukutani mpaka kiwiko kikauma. Niliporudi ndani, ubapa ulikuwa mweupe kama umepakwa unga, na kisu hakikati hata kitunguu.

Bibi alicheka. "Hilo jiwe la kujengea," akasema. Akachukua kikombe cha chai, akakipindua, akapitisha kisu kwenye ule mduara wa kitakoni, upande huu mara sita, upande ule mara sita. Nguru akakatwa vipande, mfupa na yote.

Miaka mingi nilidhani ni ufundi wa mikono yake. Ufundi ulikuwepo, lakini jibu kubwa lilikuwa kwenye kikombe.

Watu husema kunoa ni kutia makali. Kwa kweli kunoa hakutii kitu, kunaondoa. Makali ni pale pande mbili za ubapa zinapokutana, na kisu kilichonolewa vizuri unene wake pale haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kikizeeka, mstari ule hukunjika au hulika, ukawa mviringo. Huna budi kupunguza chuma pande zote mbili mpaka zikutane upya. Na chuma hakipunguzwi na kitu laini kuliko chenyewe.

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini aliyeitwa Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ngazi kumi za ugumu, kila moja likiweza kumkwaruza aliye chini yake. Almasi iko juu kabisa, 10. Ukucha wako uko kwenye 2 na nusu. Kisu cha jikoni huwa kati ya 5 na nusu na 6 na nusu. Matumbawe je? Matumbawe ni kalisi kaboneti, jamaa moja na chokaa na makombe ya pwani, na hayavuki 4. Kwa hiyo siku ile barazani si ukuta ulionoa kisu, ni kisu kilichoparura ukuta. Ule unga mweupe ulikuwa nyumba yetu.

Mafundi wa kale wa pwani walilijua hilo vizuri. Walitoa matumbawe baharini yakiwa bado mabichi, wakayachonga kwa vyuma vyao, ndiyo tukapata nakshi za mihrabu na miimo ya milango. Jiwe linalochongeka kwa chuma halitakinoa chuma.

Sasa kikombe. Ukikishika ubavuni ni laini, kinateleza, kwa sababu kimevikwa rangi ya kung'aa iliyoyeyuka ikawa kama kioo. Lakini kikombe kinapochomwa tanuri husimama kwa kitako, na rangi ile ikiwepo pale itayeyuka igande na rafu ya tanuri. Kwa hiyo mfinyanzi huifuta kwenye mduara wa chini. Pita kidole: unakwaruza kama msasa. Huo ndio udongo wenyewe wa kaure, uliochomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,200, umejaa chembe za madini yaitwayo kwazi, ambazo ugumu wake ni 7. Kila chembe ni jino dogo linalokula chuma. (Kikombe cha plastiki au cha bati, usijisumbue.)

Hunifurahisha kwamba vitu hivi viwili vilikaa pamoja muda wote. Nyumba kubwa za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, ukutani, na ndani ya zidaka mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Ukuta laini umebeba bakuli gumu. Sidhani kuna aliyethubutu kuchukua bakuli la kidakani akanolea kisu, angefukuzwa nyumbani, lakini lingenoa.

Ukitaka kujaribu, weka kitambaa kibichi mezani, pindua kikombe juu yake kisiteleze. Kinachowashinda wengi ni pembe. Chukua karatasi, ikunje kona yake iwe nusu, kisha nusu tena: hapo una nyuzi 22 na nusu. Kisu kilaze chini kidogo ya hapo, 15 hadi 20, na usiibadilishe pembe hiyo katikati ya safari. Mimi hupaka wino wa kalamu nene kwenye ukingo kabla ya kuanza. Nikipitisha mara mbili nikaona wino umebaki pale penye makali yenyewe na umefutika juu yake, najua nimekilaza mno.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi kijiukingo cha chuma kilichojikunja, chembamba kama unywele. Kiguse kwa kidole gumba ukivuka makali, usifuate urefu wake, la sivyo jikoni kutakuwa na damu isiyo ya samaki. Kisha geuza. Mwishoni pitisha kisu kwa kurudi nyuma kwenye mkanda wa ngozi, kile kijiukingo kidondoke.

Kikombe lakini kina mipaka. Kisu kilichobanduka meno, au panga, mpelekee fundi mwenye gurudumu. Siku za kuelekea Idi ya kuchinja mafundi hawa hawana nafasi, na si kwa ajili ya nyama tu: Mtume ameamrisha anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Mtazame fundi anavyofanya kazi. Gurudumu linaloenda kasi huchemsha chuma, na makali, kwa kuwa ni membamba, huwaka kwanza. Fundi mzuri huchovya kisu majini kila baada ya mipitisho michache. Kikirudi kwako na mstari wa rangi ya buluu kwenye ncha, chuma pale kimefika karibu nyuzi 300 na ugumu wake umepungua. Utakinoa leo na kesho kutwa kitakuwa butu tena. Mimi hapo humrudishia bila haya.

Kikombe cha bibi kilibaki kabatini miaka mingi baada ya kile kisu kupotea. Juu kilikuwa cheupe na maua mekundu, chini kilikuwa na mduara mweusi ambao nilidhani ni uchafu wa chai. Chai haifiki huko. Ilikuwa chuma cha visu vyake, na wageni wakitarajiwa aliusugua mduara ule kwa ndimu na majivu, asije mtu akainua kikombe akakiona.