Msimfungie chumbani: majibu kwa ndugu wa mtu mwenye uraibu wa pombe

Maswali haya huulizwa na wale wanaotuletea wagonjwa wodini: wake, mama, kaka, mashemeji. Mengi huulizwa siku mbili baada ya wakati wake kupita, ndiyo maana nayajibu hapa mapema.

Huu ni ugonjwa kweli au ni tabia tu?

Ni ugonjwa. Mtu ameshindwa kuizuia pombe ingawa anaona inamharibia kazi, ndoa na ini. Kiasi kilichomlewesha zamani sasa hakimtoshi. Na akiikosa, mwili unadai. Si lazima awe analala mtaroni. Wapo wanaoamka saa kumi na moja, wanapiga pasi shati, wanazimua, kisha wanaenda kazini kwa wakati.

Tumeamua kumfungia chumbani siku tatu bila hata tone. Kuna ubaya?

Ubaya mkubwa. Msifanye hivyo.

Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu umezoea kufanya kazi huku pombe ikiutuliza. Ukimnyang'anya pombe ghafla, unabaki umechachamaa bila cha kuushika. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anatapika, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Ndani ya saa 48 anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: homa, presha juu, anaona vitu ambavyo ninyi hamvioni. Hali hiyo huua. Sasa angalieni hesabu yenu: siku tatu mlizopanga kumfungia ndizo hizohizo.

Wanaoletwa kwa njia hii mara nyingi nawatambua kabla sijauliza. Kifundo cha mkono kina alama ya kamba, midomo imepasuka, vidole vinaokota kitu kwenye shuka, vinakitupa, vinaokota tena. Ukimuuliza ni nini, anasema siafu. Pembeni shemeji anaeleza kwamba mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, tena jana alikuwa kimya kabisa. Kimya! Hakuna aliyefungua mlango kuangalia kimya cha nini.

Mbona mjomba wetu alifungiwa na akaacha?

Huenda mwili wa mjomba ulikuwa haujafikia kuitegemea pombe, au alipata bahati. Na kuna jambo familia nyingi hazilijui: kadiri mtu anavyoacha na kurudia mara nyingi, ndivyo arosto inayofuata, yaani mateso ya mwili unapoikosa pombe, inavyoweza kuwa kali zaidi. Aliyevuka salama mwaka juzi anaweza kuanguka degedege mwaka huu. Kwa hiyo hapana, hata kama ni mjomba yuleyule.

Na tukimfungia huku tunampa uji, soda na glukosi?

Hapana. Chakula ni kizuri lakini hakizuii degedege. Tena wanywaji wengi wa muda mrefu wamepungukiwa vitamini B1, yaani thiamini. Ukimjaza sukari bila kumpa vitamini hiyo unaweza kuuumiza ubongo: macho yanachezacheza, anayumba, kumbukumbu inapotea, na wengine hairudi. Hospitalini thiamini hutolewa mapema, kwa sindano ikibidi.

Anaongea na watu wasioonekana. Si tumpeleke kwenye maombi kwanza?

Hospitali kwanza, usiku huohuo. Sina ugomvi na mchungaji wala shehe, na wapo viongozi wa dini wanaotuletea wagonjwa kwa magari yao wenyewe. Aombewe akiwa kitandani na dripu imeshawekwa. Kinachonikera ni usiku mzima wa kukemea pepo juu ya mtu mwenye joto la nyuzi 39, kisha asubuhi mnatuambia hali imebadilika.

Basi tufanye nini?

Mleteni akiwa bado anakunywa. Ndiyo, nimeandika hivyo makusudi: akiwa bado anakunywa. Asiache ghafla nyumbani. Daktari ndiye apange anaachaje. Wengine huachishwa wakiwa kwao, ndugu mmoja mwenye akili timamu akiwaangalia na kuwarudisha kliniki kila walivyopangiwa. Wengine lazima walazwe: aliyewahi kupata degedege, mjamzito, mwenye maradhi mengine makubwa, anayeishi peke yake. Dawa inayotumika sana ni ya kundi la diazepamu, na kiwango hupunguzwa siku hadi siku mpaka kiishe, mara nyingi ndani ya wiki moja hivi. Msiende kuinunua wenyewe duka la dawa. Diazepamu ikikutana na pombe inaweza kumzimisha mtu pumzi.

Mnauliza pia kuhusu soba, yaani nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi. Nyumba hizo zina msaada wake baada ya arosto kupita. Kabla ya hapo, kama hakuna daktari wala dawa, kumpeleka soba ni kumfungia chumbani kwa kulipia.

Tukifika hospitali tuseme nini?

Ukweli. Alikunywa mwisho saa ngapi, anakunywa nini (bia, konyagi, mbege, gongo), kiasi gani kwa siku, asubuhi anazimua au la, amewahi kupata degedege. Leteni hata chupa tuione. Jibu la "mbili tatu tu, za kuchangamka" limeshatuchelewesha sana. Mtu anagongwa na bodaboda, analazwa wodi ya mifupa, ndugu wanaona aibu kutaja pombe. Siku ya tatu anang'oa dripu na kutaka kushuka kitandani na mguu uliovunjika, nasi tunahangaika kutafuta malaria na maambukizi ya ubongo wakati mke wake anajua jibu tangu siku ya kwanza.

Kuna dawa ya kuwekewa kwenye chai bila yeye kujua. Inafaa?

Haifai, na ni hatari. Dawa inayotajwa sana ni disulfiramu. Aliyeimeza akinywa pombe anawiva uso, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inaweza kuporomoka, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Inakaa mwilini siku kadhaa, hadi wiki mbili. Wewe umemtilia asubuhi, yeye hajui, jioni anakunywa kama kawaida yake. Hiyo ni sumu, hata kama nia yako ni njema. Unga wa kienyeji ndio kabisa, kwa sababu hata muuzaji hawezi kukuambia una nini ndani.

Lakini dawa hiyohiyo, ikiandikwa na daktari na mwenyewe akikubali, inamhitaji ndugu. Anaimeza asubuhi mbele ya mke au dada anayemwamini. Akiachiwa peke yake, siku akitamani pombe ataiacha mezani. Asimamiwe bila kelele: anameza, mnakunywa chai, maisha yanaendelea.

Nani aje naye kliniki?

Mmoja au wawili wanaoishi naye, na awe ameridhia waje; siri zake zinabaki kuwa zake. Msije ukoo mzima. Nimeona kikao cha watu tisa, kila mmoja akisoma mashtaka kuanzia mahari mpaka shamba lililouzwa, na mtuhumiwa akatoka hapo moja kwa moja hadi kilabuni. Zungumzeni naye asubuhi akiwa mzima. Usiku akiwa amelewa mnapoteza sauti zenu bure.

Namlipia deni la kilabuni ili tusiaibike. Nimekosea?

Unamsaidia kunywa kesho. Vilevile unapompigia bosi wake simu kusema ana malaria, au unapomwosha na kumpandisha kitandani ili watoto wasijue (watoto wanajua). Acheni matokeo ya pombe yamfikie mwenyewe, isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini. Siku alizokaa bila kunywa ndizo za kupika anachopenda, kutoka naye, kumsifu. Akilewa, ondoka uende chumba kingine. Familia hufundishwa kufanya hivi kwa mpangilio, na njia hii iliendelezwa na Robert Meyers na wenzake huko Marekani. Imesaidia kuwafikisha kwenye matibabu watu waliokuwa wamekataa kabisa.

Na msimtume mtoto kumfuata baba kilabuni. Msimtume kununua pombe pia. Ni mara ngapi tuseme?

Kwenye sherehe, akionja moja tu ili asiwakwaze wenyeji?

Hapana. Mwenyeji anayekwazika kwa soda akwazike tu. Kipaimara, harusi, msiba: nendeni naye, kaeni karibu naye, ondokeni mapema. Nyumbani pombe itoke, na ya kaka anayekuja kupumzika wikiendi itoke pia.

Akirudia?

Wengi hurudia, hasa miezi ya mwanzo. Mrudisheni haraka, kabla siku moja haijawa mwezi. Kama ameshakunywa wiki kadhaa mfululizo, yale ya mwanzo yanarudi vilevile: msimwachishe ghafla nyumbani, msimfungie.

Akilewa ananipiga. Nikae naye kwenye kikao cha familia?

Hulazimiki. Mwambie mhudumu ukiwa peke yako naye. Usalama wako na wa watoto unatangulia tiba yake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa kazi hiyo.

Yeye hataki kabisa kuja. Nije peke yangu?

Njoo. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, na pale dirishani sema umekuja kwa ajili ya ndugu yako anayekunywa. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Tutakufundisha namna ya kuzungumza naye, dalili za kumkimbiza hospitali, na tutakuuliza wewe mwenyewe unalala saa ngapi, maana wake na mama wengi hufika hapa presha zao zikiwa juu kuliko ya mgonjwa.