Lenzi haimiminwi kama chupa ya soda

"Kioo ni kioo tu, hapo unalipia jina." Nimeambiwa tena wiki hii na mpiga picha ambaye lenzi yake ilianguka, kioo kimoja kikahama kidogo ndani. Anaamini lenzi humiminwa kwenye kalibu kama chupa, kisha hubandikwa nembo. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, basi naliandika.

Kioo chenyewe nakipita haraka. Tangu Otto Schott na Ernst Abbe waanzishe kiwanda chao Jena, Ujerumani, mwaka 1884, aina za kioo huteuliwa kwa namna kinavyopinda na kutawanya mwanga. Huyeyushwa, hupozwa polepole mno kisibaki na mkazo ndani, basi.

Kazi iko kwenye kusugua. Kipande husagwa kwa almasi hadi kikaribie umbo, kisha husuguliwa kwa pedi na tope la unga wa oksidi ya seriamu. Watu hudhani mashine ndiyo inayochonga mviringo kamili. Siyo! Nyuso mbili zikisuguana huku mwendo ukibadilika kila upande, zitashikana kila mahali kwa umbo moja tu: kipande cha tufe. Tufe hujileta lenyewe, na ndiyo sababu mafundi wa karne ya 17 walipata lenzi nzuri za darubini kwa mikono. Uso wa asferi, yaani uliopinda lakini si kipande cha tufe, hauna bahati hiyo. Lenzi ndogo za asferi hukandamizwa kwa moto kwenye kalibu, hilo nakubali, na mikwaruzo ya kalibu huonekana kama pete ndani ya taa zilizo nje ya fokasi.

Vitabu vinaeleza ung'arishaji kana kwamba umeshaeleweka wote. Haujaeleweka. Kiasi gani unga unakwangua, na kiasi gani maji na seriamu vinalainisha uso kikemia, bado wataalamu wanabishana. Sisi tunaosugua tunajua tu kwamba tope likibadilika, uso nao hubadilika.

Halafu mipako, yaani tabaka jembamba linalopakwa juu ya kioo. Uso mtupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Planar, lenzi ya kamera iliyobuniwa na Paul Rudolph mwaka 1896, ilikuwa na nyuso 8 zinazogusa hewa: zaidi ya robo ya mwanga ilipotea, na sehemu yake ikarudi kama ukungu juu ya picha. Muundo ule bora wa lenzi ulisubiri hadi Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipovumbua mpako wa kuzuia mwanga usirudishwe na kioo, mwaka 1935.

Mwisho huja kupanga vioo vyote kwenye mhimili mmoja, na hapo ndipo bei ilipo. Kioo kisicho na dosari kikikaa upande kwa sehemu ndogo ya milimita, kona moja ya picha hupoteza ukali. Ukitaka kuhakikisha, weka kamera kwenye tripodi, iangalie ukuta wa matofali moja kwa moja, fungua tundu lote la lenzi, piga picha, kisha linganisha ukali wa kona zake nne.