Hakuna aliyegawanya namba hiyo

"Mwalimu, ile namba tasa kubwa kuliko zote, waligawanya kwa namba zote mpaka wakaridhika kwamba ni tasa?" Wiki hii nimeulizwa tena, na mwanafunzi wa kidato cha sita, na nimechoka kulijibu kwa mdomo. Hapana. Hakuna aliyegawanya.

Namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, na kubwa kuliko zote tunazozijua ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukatoa 1. Luke Durant wa Marekani aliipata Oktoba 2024 katika GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kwa kompyuta za watu wa kujitolea. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kugawanya, unajaribu vigawo mpaka kipeuo chake cha pili, na hicho tu kina tarakimu zaidi ya milioni 20. Utazijaribu namba ngapi kabla ya kufika hapo?

Namba za umbo hili, za Mersenne, zina kipimo chake: Lucas-Lehmer. Chukua kalamu tupime 127, yaani 2⁷ − 1. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, shika baki tu. 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, baki 67. 67 inatoa 4,487, baki 42. 42 inatoa 1,762, baki 111. 111 inatoa 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Baki 0. Hatua ni kipeo ukitoa 2, kwa hiyo hapa ni 5, na ya tano imeishia 0: 127 ni tasa. Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839. Ni nyingi, lakini kompyuta inazimaliza.

Mwanafunzi yule akadakia: "Si umegawanya hapo!" Nimegawanya kwa 127 yenyewe, namba zisifure. Kigawo sijatafuta.

Na baki la mwisho lisipokuwa 0? Namba si tasa, hata kama vigawo vyake havijulikani. Hapa ndipo wengi hunikatalia kabisa. Basi wamwulize mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas: mwaka 1876 alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vililetwa na Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Mengine ni ya haraka. Namba kuishia na 1, 3, 7 au 9 si ushahidi kwamba ni tasa. Gawanya 91 kwa 7 uone. Eti namba ya Durant inalinda pesa za benki? Ufunguo wa biti 2,048 wa RSA, mbinu ya kuficha taarifa kwenye mtandao, hutengenezwa kwa namba tasa mbili za tarakimu mia tatu na kitu, tena za siri. Ya Durant imetangazwa dunia nzima.

Na kipeo kuwa tasa hakutoshi: 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Ipime mwenyewe kwa kalamu, hatua 9. Baki la mwisho ni 1,736. Ukipata jingine, rudia kuanzia hatua ya tatu. Wengi huteleza hapo.