Ala za muziki katika michoro ya Ulaya: tazama nyuzi kwanza

Ukikuta ala ya muziki katika mchoro wa Ulaya wa karne ya 16 au 17, usianze kwa kuuliza jina lake. Angalia hali yake. Nyuzi zimetimia? Inapigwa, au imelazwa kifudifudi? Noti za muziki zilizo kando yake zinasomeka? Wachoraji wengi walificha maana hapo.

Ala inayoonekana mara nyingi ni luti. Ilitokana na udi wa Waarabu, kwa hiyo aliyewahi kuona kikundi cha taarabu Zanzibar ataitambua mara moja: tumbo la duara na kichwa kilichopinda nyuma. Tofauti iko shingoni, kwani luti ilifungwa vipande vya uzi wa utumbo vya kuonyesha mahali pa kubana vidole, na udi hauna.

Mfano ulio wazi kabisa ni “Mabalozi” wa Hans Holbein, wa mwaka 1533, uliopo National Gallery, London. Watazamaji wengi hukimbilia fuvu lililonyooshwa chini ya mchoro, wakaipita luti iliyo kwenye rafu ya chini. Isogelee. Luti ya wakati huo kwa kawaida ilikuwa na nyuzi 11, yaani jozi 5 na uzi mmoja mwembamba peke yake. Hapa uzi mmoja umekatika na ncha yake imejikunja. Miaka 2 tu kabla yake, mwanasheria Mwitalia Andrea Alciato alikuwa amechapisha kitabu cha mafumbo ya picha ambamo luti ni mapatano ya watawala: uzi mmoja ukikatika, ulinganifu wote umeharibika. Mbele ya luti hiyo kuna kitabu cha nyimbo za Kilutheri, ingawa mmoja wa mabalozi hao Wafaransa, Georges de Selve, alikuwa askofu Mkatoliki. Mpasuko wa Kanisa umechorwa bila kuandikwa neno.

Raphael, katika mchoro wake wa Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ulioko Bologna, Italia, alitumia uharibifu kwa nia nyingine. Ala zilizovunjika zimetapakaa miguuni pa Sesilia, na hata mabomba ya kinanda alichoshika yanachomoka, kwa sababu yeye anasikiliza waimbaji wa mbinguni. Evaristo Baschenis wa Bergamo hakuvunja kitu: alizilaza luti kifudifudi, akachora vumbi migongoni mwake lenye alama za vidole vilivyopita. Muziki umekwisha, na muda umepita.

Kosa la kawaida ni kukariri kwamba luti ni mapenzi au luti ni mauti. Maana hutegemea vilivyo jirani nayo. Katika “Mpiga Luti” wa Caravaggio ulioko Saint Petersburg, noti zinasomeka: ni madrigali (nyimbo za sauti kadhaa) za mtunzi Jacques Arcadelt, na mojawapo huanza kwa “unajua kwamba nakupenda”. Hapo mapenzi yana ushahidi.

Jihadhari pia na picha zilizochapwa kutoka bamba la shaba. Uchapaji hugeuza kushoto kuwa kulia, hivyo mpigaji wa kawaida huonekana wa mkono wa kushoto. Kabla ya kumwita hivyo, angalia maandishi na panga viunoni: wakiwa wote wa mashoto, picha imegeuzwa.