Kwa nini Van Halen walikataa pipi za kahawia?

Mwaga pakiti ya M&M's kwenye bakuli, zile pipi za chokoleti zenye ganda la rangi, kisha kaa kitako uchambue kama mchele, utoe zote za kahawia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna watu Marekani walioifanya kazi hiyo kwa malipo. Na ilitaka macho, kwa kuwa siku hizo kulikuwa pia na M&M's za kahawia mpauko, ambazo hazikukatazwa. (Nyekundu hazikuwasumbua. Ziliondolewa sokoni 1976 kwa hofu juu ya rangi nyekundu za vyakula, zikarudi 1987.)

Waliotaka zichambuliwe ni bendi ya roki nzito ya Van Halen. Kiambatisho cha mkataba wa ziara yao ya 1982 kiliorodhesha vitafunwa vya nyuma ya jukwaa: krispi, karanga, M&M's. Mbele ya M&M's pakaandikwa onyo kwa herufi kubwa: za kahawia zisionekane kabisa.

Habari ilipoenea, wengi walihukumu haraka kwamba pesa zimewapanda kichwani. Ilikuwa rahisi kuamini. Ndugu wawili, Eddie na Alex Van Halen, waliletwa na wazazi wao kutoka Uholanzi hadi California mwaka 1962 wakiwa watoto. Wakiwa na mwimbaji David Lee Roth na mpiga besi Michael Anthony, walianza kwa kupiga kwenye sherehe za uani huko Pasadena. Albamu yao ya kwanza ikatoka 1978. Ndani yake kuna kipande kiitwacho “Eruption”, hakifiki hata dakika mbili, ambamo Eddie anatumia vidole vya mkono wa kulia kugonga nyuzi palepale kwenye shingo ya gitaa, na sauti zinatoka kwa kasi ambayo mkono mmoja hauwezi. Wapiga gitaa wa kizazi kizima walijifungia vyumbani kukijaribu. Hata kama roki si muziki wako, Eddie umeshamsikia: solo ya gitaa kwenye “Beat It” ya Michael Jackson ni yake, na hakudai hata senti.

Sasa turudi kwenye pipi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1997, Roth alieleza kwamba ule ulikuwa mtego. Van Halen walizunguka na malori makubwa tisa ya vifaa wakati kawaida ilikuwa matatu, tena wakayapeleka hadi miji midogo ambayo haijawahi kuona mzigo wa aina hiyo. Kuna kumbi ambazo nguzo zake hazikuhimili uzito, sakafu ilibonyea, au milango ilikuwa finyu. Kwa hiyo mkataba ulikuwa mnene, umejaa masharti ya umeme na uzito. Akiingia ukumbini, Roth alichungulia bakuli kwanza. Akiona ya kahawia, alijua promota hakusoma, na vifaa vyote vikakaguliwa upya. Mpishi naye hali sufuria nzima kujua kama wali umeiva. Anabonyeza punje mbili.

Maelezo matamu, ila mimi sijayameza yote. Roth anasimulia kana kwamba sharti hilo lilifichwa katikati ya mambo ya nyaya na mizigo. Karatasi zenyewe zilizokuja kuwekwa hadharani zinaonyesha kwamba lilikaa kwenye chakula, jirani na mtindi. Anayepanga bakuli za vitafunwa si yule anayefunga taa juu ya kichwa cha mwimbaji, hivyo bakuli safi halikuwa dhamana ya jukwaa imara. Lakini bakuli chafu lilikuwa na la kusema: aliyeruka onyo la herufi kubwa huenda ameruka na mengine.

Mfano anaoutoa Roth ni wa 1980, katika chuo kikuu kimoja huko Pueblo, Colorado. Ukumbi ulikuwa na sakafu mpya ya mpira kwa ajili ya mpira wa kikapu, na hakuna aliyejisumbua kusoma masharti ya uzito. Jukwaa likadidimia. Kwa hesabu ya Roth, sakafu ilipata hasara ya dola 80,000. Kwenye bakuli kulikuwa na pipi za kahawia, na yeye, kwa kukiri mwenyewe, akavurugavuruga chumba cha kubadilishia nguo, hasara ya dola 12,000. Magazeti yakaziunganisha hasara hizo mbili: mwimbaji kaona pipi ya kahawia, kavunja mali ya makumi ya maelfu ya dola. Roth hakukanusha. Uvumi wenyewe ulikuwa mtamu, alisema, na yeye ni nani hata auzuie?