Zamadamu ni nani hasa?

Zamadamu ni jina la jumla la viumbe wa ukoo wa binadamu walioishi kabla yetu, tangu ukoo huo ulipoachana na ule wa sokwe mtu, yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Walikuwa wa aina nyingi, na baadhi ya aina hizo ziliishi wakati mmoja. Hapa ndipo wengi tunapopotoshwa na ile picha ya foleni: nyani nyuma, mtu wima mbele.

Mtazame Zinjanthropus, mmoja wa zamadamu hao. Fuvu lake aliliona mwanaakiolojia Mary Leakey katika bonde la Olduvai, Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Lina magego makubwa ajabu, na utosini limeinuka ukingo wa mfupa ambako misuli ya kutafunia ilijishikiza. Lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Watu wengi bado humwita babu yetu, na si kweli. Katika bonde hilohilo ilipatikana mifupa ya zamadamu mwingine, Homo habilis, aliyetangazwa mwaka 1964: meno madogo zaidi, ubongo mkubwa zaidi, na zama zao zilikutana. Zinjanthropus ni wa tawi jingine, lililokatika bila kuacha kizazi. Mtoto wa shangazi ni damu yako, lakini hakukuzaa.

Ndivyo ilivyo pia kwa sokwe. Anayeuliza "kama tulitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?" anapinga jambo ambalo sayansi haikulisema. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe wa leo tulitoka kwa mhenga mmoja wa kale, ambaye hakuwa mtu wala sokwe tunayemjua.

Ubishi wa dini upo, tena wa siku nyingi. Mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, Marekani, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi na binadamu naye alitokana na viumbe wa kale. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walipinga makumbusho ya Nairobi kuyapa mageuko nafasi ya mbele katika maonyesho ya mifupa ya Kijana wa Turkana, zamadamu wa Kenya ambaye Kamoya Kimeu ndiye aliyemgundua mwaka 1984.

Lakini ubishi unaoniuma zaidi ni wa wanasayansi wenyewe. Darwin aliandika mwaka 1871 kuwa yaelekea wahenga wetu waliishi Afrika. Hata hivyo, mwaka 1912 wakubwa wa fani Uingereza walilipokea kwa furaha fuvu la Piltdown, lenye ubongo mkubwa na taya la kisokwe, kwa kuwa waliamini ubongo ndio uliotangulia kukua, na walipenda chimbuko liwe kwao. Mwaka 1925 Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo na dalili za kutembea wima, wengi wao walimpuuza: huyo ni sokwe tu, walisema. Mwaka 1953 ikathibitika kwamba Piltdown ni ghushi: taya la orangutani lililotiwa rangi, meno yake yamepigwa tupa. Kwa takriban miaka 20 mfupa wa kweli wa Afrika ulidharauliwa, huku ule wa uongo ukiheshimiwa.

Jibu la kipi kilitangulia, ubongo mkubwa au kutembea wima, lilikuja kuonekana wazi Laetoli, Tanzania, mwaka 1978, katika nyayo zilizogandia kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Kidole gumba kimenyooka sambamba na vingine, kisigino kimetua kwanza. Waliozikanyaga walitembea wima, zaidi ya miaka milioni moja kabla ya ubongo mkubwa kutokea.